Penzi Limekwisha au Mji Umekuchosha? Majibu kwa Wasomaji wa Kando ya Bahari

Barua za safari hii zimetoka kwenye miji midogo ya kando ya bahari, ile yenye gati moja, barabara moja ya kuingilia, na watu wanaojua baiskeli ya nani imelala wapi. Tumeziweka pamoja kwa kuwa nyingi zina ugonjwa mmoja: mwandishi anamlalamikia mpenzi, lakini ukiisoma barua mara ya pili unaona anayelalamikiwa ni mji. Nyingine ni kinyume chake. Maswali tumeyafupisha, na majina tumeyaondoa.

SWALI: Wahariri, hamjambo? Nina miaka 29, niko na mwenzangu mwaka wa nne sasa. Hanipigi, hanidanganyi, ananichekesha. Lakini tangu wageni waondoke na hoteli zifunge, nikimwona tu anakuja na koti lake lilelile natamani kukimbia. Kila jioni tunatembea mpaka mwisho wa gati, tunageuka, tunarudi. Je, mapenzi yameisha?
*Wa Mwisho wa Gati*

JIBU: Dada, la kwanza: usimwache mtu mwezi uleule msimu unapofungwa. Mji unaoishi kwa wageni hubadilika ghafla. Wiki hii una kelele, zamu ndefu na sura mpya kila siku. Wiki ijayo una ukimya na sura zilezile ulizokua nazo. Mwili uliozoea mbio hautulii kwa sababu tu kazi imeisha. Unabaki na wahaka usio na pa kwenda, na wahaka wa namna hiyo humwangukia aliye karibu.

Kwa hiyo pima kwanza. Tafuta daftari, uandike kwa wiki 6, ukianza angalau siku 10 baada ya msimu kufungwa. Kila siku andika mambo matatu tu: saa na mahali ulipokuwa wahaka ulipokupanda, alama ya hali ya moyo wako, kuanzia 1 hadi 10, nusu saa kabla ya kukutana naye, na alama nyingine nusu saa baada ya kuagana. Sababu usiziandike. Ukiziandika utaanza kujenga kesi, na kesi ikishajengwa mshitakiwa haponi. Kurasa za nyuma nazo usizisome mpaka wiki ya 6 iishe. Tumesema wiki 6 kwa kuwa mwezi mmoja unaweza kuharibiwa na mafua, mshahara uliochelewa au siku za hedhi. Wiki mbili za ziada zinasawazisha.

Kusoma matokeo si kazi. Ikiwa alama ya kabla huwa 3 au 4, na ya baada hupanda, hata kwa moja tu, katika siku nyingi, basi mtu huyo anakupunguzia mzigo na kinachokuchosha ni mji. Ikiwa ya kabla ni 6 na ya baada ni 4, wiki baada ya wiki, shida iko kati yenu wawili na gati halina kosa. Ikiwa zote mbili ziko chini na hazisogei, raha imekutoka katika kila kitu, usingizi umeharibika na chakula hakipiti, na hali hiyo imepita wiki mbili, hapo usijadili mpenzi wala mji. Nenda kwa daktari ukamwambie hivyohivyo.

Kipimo cha pili ni kumtoa mjini. Ondokeni siku 4, zisiwe 2. Siku ya kwanza na ya pili kila kitu kipya kinapendeza, mpenzi akiwemo. Mwaka 2000 Arthur Aron na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia wapenzi huko Marekani: waliopewa kazi ngeni ya kusisimua, kufungwa pamoja mkono na mguu kisha kuvuka ukumbi kwa kutambaa, walitoka wakiuona uhusiano wao kuwa bora kuliko waliopewa kazi ya kuchosha. Watu huupenda utafiti huo kwa sababu unaruhusu likizo. Sisi tunauona una makali pande mbili: upya unaweza kuliamsha penzi lililosinzia, na unaweza vilevile kupaka rangi juu ya ufa. Ndiyo maana siku ya tatu na ya nne mfanye mambo yasiyo na mvuto wowote. Fueni. Pangeni foleni mahali. Tafuteni duka linalouza betri ya saa. Kama mkiwa kwenye foleni bado una hamu ya kusikia atasema nini, hilo linatosha kwa sasa.

Huku nyumbani, jioni tatu kwa wiki kila mmoja awe kivyake, kwa siku zilizotajwa mapema ili isionekane mtu anakimbiwa. Na jihadhari na tiba ambayo miji hii huitoa bila kuulizwa: msimu ukifungwa kodi za nyumba hushuka, na wawili waliochokana huhamia nyumba moja kwa kuwa ni rahisi. Msimu ukifunguliwa kodi inapanda, hakuna pengine pa kupanga, na mnabaki pamoja kwa sababu ya chumba. Kuhusu koti hatuna dawa.

SWALI: Tumeachana miezi miwili iliyopita. Yeye ndiye anayekata tiketi za kivuko, nami navuka kila siku kwenda kazini. Nikifika dirishani moyo unaruka. Marafiki wanasema hiyo ni dalili kwamba tulipangiwa.
*Abiria*

JIBU: Marafiki zako wanachanganya kupangiwa na kukutana. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti wao kuhusu nyumba za wanafunzi huko Massachusetts. Waliona kwamba urafiki ulifuata umbali wa milango. Hata waliokaa karibu na ngazi, mahali watu wanapopita, walipata marafiki wengi wa ghorofa nyingine. Njia zinazokutana hutengeneza ukaribu zenyewe, bila kuuliza kama ukaribu huo unafaa. Dirisha la tiketi ni ngazi yako.

Punguza idadi. Kama zipo tiketi za wiki au za mwezi, nunua hizo. Mara tano zinakuwa moja. Andaa maneno mapema na usiyabadilishe: “Habari. Ya wiki moja. Asante.” Usiongeze swali la pili, kwa kuwa swali linasubiri jibu, na jibu linaleta swali jingine huku foleni ikisikiliza. Pesa ziwe kamili mkononi. Kusubiri chenji ni sekunde 20 ambazo huzihitaji.

Mahali pengine pa mji mgawane. Rafiki mmoja wa wote awafikishie ujumbe mara moja tu: wewe unabaki na mikahawa au fukwe mbili unazozipenda zaidi, naye mbili zake. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuhama njia zote. Mwezi wa kwanza linaonekana kama ujasiri. Wa tatu unajikuta umefungiwa nyumbani katika mji wako mwenyewe. Na habari zake kwenye simu uzizime, la sivyo umemtoa dirishani ukamweka mfukoni.

SWALI: Mume wangu ni baharia wa meli za mizigo, hukaa baharini miezi minne hadi sita. Akiwa mbali tunapendana mno. Akirudi, wiki ya kwanza tunagombana kuhusu kila kitu, hadi namna ya kupanga vyombo. Watu mjini wameanza kuniambia ana mwingine.
*Msubiri Meli*

JIBU: Waambie watu hao kwamba ugomvi wa wiki ya kwanza haumtambulishi mwanamke mwingine, unatambulisha wakuu wawili ndani ya jiko moja. Kwa miezi mitano wewe umeamua peke yako lini mlango unafungwa na bili ipi inalipwa kwanza. Yeye ametoka mahali ambapo kila kitu kina saa yake na kila mtu ana cheo. Wote wawili mmezoea kutopingwa.

Kuna jambo jingine. Watafiti Crystal Jiang na Jeffrey Hancock walionyesha mwaka 2013 kwamba wapenzi walio mbalimbali hufunguliana moyo zaidi na hupambana sifa zaidi katika fikra: kila mmoja humchora mwenzake vizuri kuliko alivyo. Na katika utafiti wa Laura Stafford na wenzake wa mwaka 2006, uliohusu wanafunzi nchini Marekani, wapenzi waliokuwa mbali kisha wakaishi karibu waliachana kwa yapata theluthi ndani ya miezi mitatu. Picha nzuri ilikutana na mtu. Kwenu jambo hilo linajirudia kila likizo, kwa hiyo msiliache lijitokee tu, lipangeni.

Siku ya 1 na ya 2 ni za kulala na kula. Saa ya mwili wake bado iko bahari nyingine. Usimpokee mlangoni na habari ya bomba linalovuja. Siku ya 3, mkiwa mmeshiba, kaeni na karatasi yenye safu tatu: yangu, yako, yetu. Mambo ya nyumbani yagawanywe humo, na yeye achukue mawili tu ambayo ni yake kabisa likizo nzima, hata akiyafanya vibaya. Vyombo vibaki vyako. Mpaka siku ya 10 ipite, hakuna uamuzi mkubwa: si gari, si kuhama, si mtoto. Na mwishoni, mazungumzo yote ya fedha yaishe siku 5 kabla hajaondoka, kwa kuwa wiki ya mwisho nayo ina ugomvi wake. Kumwacha mtu uliyemkasirikia ni kwepesi kuliko kumwacha uliyemkumbatia, na wengi hujitafutia hasira bila kujua.

Akiwa baharini, jifunze ratiba yake kuliko kuhesabu simu zake. Katika meli nyingi maofisa hushika zamu ya saa nne, hupumzika nane: kwa mfano saa 6 hadi 10, mchana na usiku. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unaweka kiwango cha mapumziko kisichopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Mapumziko hayo yasigawanywe katika vipande zaidi ya viwili, na kipande kimoja kiwe na saa 6 au zaidi. Simu unayoitaka “kabla hujalala” inaweza kuwa inakata kile kipande cha saa 6. Muulize kipande hicho kiko wapi, ukiache. Meli inapokwenda mashariki au magharibi saa yake husogezwa pia, takriban saa moja kila nyuzi 15 za longitudo, hivyo ratiba ya mwezi uliopita huenda haifai leo. Mara tatu kwa wiki kwa dakika 30, kwa siku zinazojulikana, ni bora kuliko dakika 4 kila siku za “unasikia?”, “nasikia.”

Fedha nazo zisipitie moyoni. Mkataba huohuo unamruhusu baharia kuagiza sehemu ya mshahara wake, au wote, itumwe moja kwa moja kwa familia kwa vipindi maalumu. Aliandikishe hilo kabla ya kupanda meli, kiasi kikiwa kimetajwa. Likizo yake ya malipo isipungue siku 2.5 kwa kila mwezi wa kazi. (Wavuvi wana mkataba wao tofauti, wa mwaka 2007, kwa hiyo mwenye mume mvuvi asichukue hesabu hizi kama zilivyo.)

SWALI: Nimekutana mtandaoni na nahodha wa meli kubwa. Anasema amechoka na bahari, anataka kutua katika mji mdogo kama wetu, kwangu. Ila kampuni inamdai ada ya kumleta mbadala wake ndipo apewe likizo. Nimtumie?
*Moyo Bandarini*

JIBU: Usitume hata senti. Baharia hanunui likizo yake. Kwa mkataba tulioutaja hapo juu, mkataba wake wa kazi ukiisha mwenye meli ndiye anayebeba gharama za kumrudisha kwao, na ni marufuku kumtoza kiasi cha safari hiyo mwanzoni mwa ajira. Mbadala wake analetwa na kampuni kwa gharama ya kampuni. Ada ya likizo, helikopta ya kumchukua, sanduku lililozuiwa forodhani: yote ni hadithi moja iliyobadilishwa shati.

Ukitaka kuridhisha nafsi, muulize namba ya IMO ya meli yake, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha meli. Ni tarakimu 7, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua sita za mwanzo, uzizidishe kwa mfuatano kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, ujumlishe. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ifanane na ile ya saba. Chukua 9074729: 63 + 0 + 35 + 16 + 21 + 4 ni 139, inaishia na 9, na namba inaishia na 9. Imepita. Kisha iweke kwenye tovuti za kufuatilia meli, kwani meli zenye ujazo wa tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa hutakiwa kuwa na mtambo wa AIS unaotangaza jina na mahali zilipo. Lakini elewa kipimo hiki kinasema nini. Namba ikishindwa, umemkamata. Ikipita, hujathibitisha chochote, kwani namba za meli za kweli ziko wazi kwa kila mtu, matapeli wakiwemo.

Kisingizio cha “melini hakuna mtandao wa video” kimedhoofika pia. Marekebisho ya mkataba yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanazitaka meli ziwape mabaharia mawasiliano ya intaneti kadiri inavyowezekana. Akikubali video, mwambie ageuze uso kando kabisa, kisha apitishe kiganja mbele ya uso taratibu. Sura bandia za kompyuta huweza kuvurugika hapo. Kupita hapo nako hakumfanyi nahodha.

Kama ulishatuma, piga simu benki leo, si kesho, kisha upeleke polisi mazungumzo yote bila kufuta lolote. Baada ya hapo atatokea mtu wa pili anayeahidi kukurudishia fedha kwa ada ndogo. Huyo ni yuleyule, au jamaa yake.

SWALI: Mgeni wa msimu tulipendana siku 12. Ameshaondoka, anaandika kila siku, anataka nimfuate nchini kwake. Hapa sina cha kunishika, kila siku naangalia upeo wa macho tu. Niende?
*Macho Mbali*

JIBU: Maswali yako ni mawili na umeyafunga kamba moja: kumpenda yeye, na kuondoka hapo. Yafungue. Jiulize kama ungeondoka hata asingekuwapo. Jibu likiwa ndiyo, tafuta njia ya kuondoka inayosimama kwa miguu yako, na yeye awe ziada.

Kuhusu zile siku 12, kuna jaribio maarufu la Donald Dutton na Arthur Aron la mwaka 1974, kwenye daraja la Capilano nchini Kanada, linaloning’inia takriban mita 70 juu ya mto. Wanaume waliohojiwa na msichana wakiwa darajani walipewa namba yake ya simu. Kati ya 18 walioichukua, 9 walimpigia. Kwenye daraja jingine, imara na la kimo kidogo, kati ya 16 walipiga 2. Moyo uliokuwa ukidunda kwa kimo ulisomwa kama moyo unaodunda kwa mtu. Mawimbi, usiku bila usingizi na tarehe ya kuondoka iliyoandikwa kwenye tiketi hufanya kazi ya daraja hilo. Hatusemi penzi lenu ni la uongo. Tunasema bado halijakanyaga ardhi.

Lipeleke ardhini hivi. Nenda kwake siku zisizopungua 10, katika wiki anazofanya kazi, asichukue likizo. Tiketi ya kurudi iwe kwa jina lako na umelipa wewe. Pasi ya kusafiria isitoke mkononi mwako hata kwa “nikuhifadhie.” Kazini omba likizo bila malipo badala ya kuacha. Uwe na akiba ya kukulisha miezi mitatu bila yeye. Ukifika, angalia anavyoishi Jumanne: anaamka saa ngapi, anawajibu vipi watu wasiomfaidisha, na je, rafiki zake walishakusikia? Mtu ambaye kwa siku 10 hakukutambulisha kwa yeyote ameshakujibu.

Ukiamua kuhama kabisa, usiuhukumu mji mpya mapema. Mtafiti Jeffrey Hall alikadiria mwaka 2018 kwamba urafiki wa karibu huhitaji zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja. Ukipata saa 5 kwa wiki na mtu mmoja, hiyo ni wiki 40. Wengi hurudi nyumbani wiki ya 12 wakidhani walikosea njia, kumbe hesabu ilikuwa bado.

Na jambo moja ambalo barua hukwepa. Kama mlilala bila kinga, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72, na humezwa siku 28. Kinga ya dharura ya mimba ina dirisha la hadi saa 120, ila kadiri unavyochelewa vidonge hupungua nguvu. Kama muda umeshapita, kapime, usikae kuhesabu siku.

SWALI: Tufanyeje mji usijue?
*Wawili*

JIBU: Utajua. Mapenzi ni kikohozi. Mnachoweza kuchagua ni nani atajua kwanza: ndugu atakayeumia akisikia barabarani, kisha mpenzi wa zamani kama yupo mjini, kisha yule mtu mmoja anayejulikana kwa kutangaza. Mambo hayo matatu yafanyike ndani ya siku moja, kwa maneno yaleyale. Habari isiyo na matoleo mawili huchosha haraka. Magari nayo msiegeshe mbali na nyumba. Gari lililofichwa ndilo linalohesabiwa.

SWALI: Nataka kumvisha mpenzi wangu pete kwenye fungu la mchanga linalotokeza maji yakipwa, jua likizama, sisi wawili tu. Ni mita 600 kutoka ufukweni. Nahitaji kujua nini?
*Mvuvi wa Pete*

JIBU: Kaka, hili ndilo swali tulilolipenda, na ndilo linaloweza kuzamisha watu.

Anza na jedwali la maji la bandari ya karibu, si kumbukumbu. Penye kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kati ya kujaa na kujaa kunakofuata kuna takriban saa 12 na dakika 25, hivyo kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Bamvua, ambapo maji hupwa sana na fungu huwa kubwa, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Na hapa ndipo mipango mingi hufia: mahali pamoja, maji ya bamvua hupwa karibu saa zilezile kila mara. Kama kwenu hupwa adhuhuri, hutalipata bamvua la machweo hata usubiri mwaka. Siku saba baadaye maji yatapwa jioni, lakini yatakuwa maji mafu, na fungu huenda lisitokeze kabisa. Chagua: fungu kubwa na jua kali, au machweo na mchanga wa kusimama watu wawili waliobanana. Kalitazame wiki mbili kabla, maji yakiwa ya aina ileile, bamvua au mafu. Hakikisha pia kama jedwali limezingatia saa za majira ya joto. Mengine hayazingatii, na kosa lake ni saa nzima.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa mpando katika sehemu 12: saa ya kwanza sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3, saa ya kwanza yanapanda sentimita 25 tu na unajiona salama. Saa ya pili 50. Ya tatu 75. Mbaya zaidi, mkondo ulio kati ya fungu na ufukwe huwa chini kuliko fungu, kwa hiyo hujaa nyuma yenu huku ninyi mkiwa pakavu. Fikeni dakika 50 kabla ya maji kupwa kabisa, pete ivishwe dakika 20 kabla, na muwe mmeondoka dakika 30 baada. Kama ni machweo, taa mbili, kwa kuwa giza litawakuta njiani. Kanieneo ya hewa ikishuka maji hupanda kuliko jedwali, karibu sentimita 1 kwa kila hektopaskali 1. Pakitangazwa dhoruba, ahirisha bila kujitetea.

Wawili tu haiwezekani. Lazima awepo wa tatu, mwenye boti. Boti isivutwe mchangani, maji yanayoendelea kupwa yataiacha juu kavu na mtabaki mkisukuma. Ikae kwenye maji ya magotini, nanga chini, na mtu huyo aisogeze kadiri maji yanavyoshuka. Mpe mgongo, yeye anajua kutazama upande mwingine.

Pete ifunge kwa uzi kwenye kifungo cha shati mpaka dakika ya mwisho, na sanduku lake ufungulie pakavu, magoti yote mawili yakiwa mchangani. Vidole hupungua vikilowa kwenye maji baridi, kwa hiyo pete iliyomkaa sawasawa dukani inaweza kuteleza. Baada ya “ndiyo” akunje ngumi mpaka mfike botini. Kama ni “hapana”, bado mna dakika 50 za kukaa pamoja juu ya mchanga huo. Ndiyo maana tunasema kamba ya nanga ishikwe na mtu ambaye siku hiyo hana la kuomba.